Hisabati Nje ya Darasa: Kazi za Wenye Shahada za Juu za Hisabati

Malengo ya sehemu hii

Baada ya kusoma sehemu hii, utaweza:
(a) kutaja kazi tano, mbali na ualimu, zinazofanywa na wenye shahada za juu za hisabati;
(b) kuonyesha kwa mahesabu jinsi mada unazosoma sasa zinavyotumika katika kazi hizo;
(c) kueleza kwa nini shahada peke yake haitoshi;
(d) kupanga hatua za kuchukua kuanzia kidato cha tano.

1. Utangulizi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka na wanafunzi wakaanza kufikiria tahasusi, swali moja hurudi kila mwaka katika ofisi ya walimu wa hisabati. Mzazi anakaa, anaweka karatasi ya matokeo mezani, anasema: "Mwalimu, huyu mtoto hesabu anaziweza. Lakini akizisoma mpaka chuo kikuu, si ataishia kushika chaki?"

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyepata A katika Hisabati ya kidato cha nne, somo ambalo kwa kawaida wengi hushindwa. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimlipia mahitaji ya shule, alimwambia maneno hayo hayo. Mwanafunzi akachagua tahasusi isiyo na Hisabati ya Juu. Hakufeli, na leo anaendelea na maisha yake. Lakini alifunga mlango kabla hajajua nyuma yake kuna nini, na mimi mwalimu wake sikuwa na jibu la kutosha la kumpa mjomba. Sehemu hii ndiyo jibu ambalo ningependa kuwa nalo siku ile.

Ualimu ni kazi ya heshima, nami ndiyo niliyoichagua. Hata hivyo, siku hizi nafasi za ualimu nazo huombwa na kushindaniwa, kwa hiyo haifai kuzihesabu kama kimbilio la uhakika. Jambo la pili ni kwamba shahada ya hisabati hufungua milango mingi, lakini karibu kila mlango una makufuli mawili. Hisabati ni ufunguo wa kwanza. Ufunguo wa pili hutofautiana kati ya kazi na kazi, na anayemaliza chuo bila huo wa pili hubaki nje akiwa na cheti kizuri mkononi. Unaposoma kila kazi hapa chini, jiulize: ufunguo wa pili wa kazi hii ni upi?

2. Ngazi za shahada

Shahada ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka mitatu. Hapo unasoma kalkulasi kwa undani, aljebra ya matriksi na vekta, milinganyo ya mabadiliko, uwezekano na takwimu. Shahada ya uzamili huongeza utaalamu katika tawi moja na kukufundisha kuandika utafiti. Shahada ya uzamivu humtaka mtu atatue tatizo ambalo bado halijatatuliwa na yeyote.

Angalia vizuri jina la programu katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Shahada ya sayansi katika hisabati na shahada ya sayansi na elimu yenye somo la hisabati ni programu mbili tofauti. Ya pili hugawa muda wako kati ya hisabati, somo jingine la kufundishia na masomo ya ualimu. Ni njia nzuri ya kuwa mwalimu, lakini mwenye shahada hiyo akitaka kwenda uzamili wa hisabati atakuwa na mapengo ya kujaza. Wanafunzi wengi hugundua tofauti hii wakiwa tayari mwaka wa pili.

3. Kazi ya kwanza: Takwimu bima

Mtakwimu bima, anayeitwa pia akchuari, hukokotoa bei ya hatari. Kampuni ya bima huchukua fedha leo kwa ahadi ya kulipa kesho endapo jambo fulani litatokea. Ikitoza kidogo, itafilisika na wateja watakosa haki zao. Ikitoza kingi, wateja watakwenda kwingine. Mfuko wa pensheni una mzigo mkubwa zaidi: mfanyakazi anayeanza kuchangia akiwa na miaka 25 ataanza kulipwa miongo kadhaa baadaye, na mfuko lazima uwe na fedha siku hiyo. Mifuko kama NSSF na PSSSF huhitaji makadirio ya aina hii, na makampuni ya bima yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

Mfano 1. Chukulia kampuni inakatia bima ya wizi pikipiki zenye thamani ya sh. 2,500,000 kila moja. Uwezekano wa pikipiki kuibwa kwa mwaka ni 0.02. Tafuta mchango unaofaa kwa kila mteja ikiwa wateja ni (i) 100, (ii) 10,000. Kampuni inataka kukusanya wastani wa hasara pamoja na akiba ya mara mbili ya mkengeuko sanifu.

Suluhisho. Wastani wa hasara kwa kila mteja ni 0.02 × 2,500,000 = sh. 50,000. Lakini wizi hauji kwa mpangilio. Mwaka mmoja huwa mwingi, mwaka mwingine mchache. Mkengeuko sanifu hupima mtawanyiko huo. Kwa wateja n, mkengeuko sanifu wa idadi ya pikipiki zitakazoibwa ni kipeuo cha pili cha n × 0.02 × 0.98.

(i) Kwa wateja 100: 100 × 0.02 × 0.98 = 1.96, na kipeuo chake cha pili ni 1.4. Kwa fedha: 1.4 × 2,500,000 = sh. 3,500,000. Wastani wa hasara yote ni sh. 5,000,000. Jumla ya kukusanya: 5,000,000 + 2 × 3,500,000 = sh. 12,000,000. Kila mteja atalipa sh. 120,000.

(ii) Kwa wateja 10,000: 10,000 × 0.02 × 0.98 = 196, na kipeuo chake cha pili ni 14. Kwa fedha: sh. 35,000,000. Wastani wa hasara yote ni sh. 500,000,000. Jumla ya kukusanya: sh. 570,000,000. Kila mteja atalipa sh. 57,000.

Hatari ya kila pikipiki haikubadilika hata kidogo, lakini mchango umeshuka kutoka sh. 120,000 hadi sh. 57,000. Wateja waliongezeka mara 100, huku mkengeuko ukiongezeka mara 10 tu. Hiyo ndiyo sababu ya kimahesabu ya bima kuhitaji watu wengi, na hiyo ndiyo hesabu anayoifanya mtakwimu bima, ingawa yake ina mambo mengi zaidi.

Ufunguo wa pili: mitihani ya bodi za kitaaluma. Baada ya shahada, mtakwimu bima hufanya mfululizo wa mitihani, kwa mfano ile ya Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza au Society of Actuaries ya Marekani. Mitihani hii huchukua miaka na ina ada. Mwanafunzi anayelijua hilo mapema anaweza kuanza mitihani ya mwanzo akiwa bado chuoni.

4. Kazi ya pili: Takwimu rasmi

Serikali haiwezi kujenga madarasa bila kujua watoto ni wangapi. Kazi ya kuhesabu, kuchagua sampuli, kukokotoa mfumuko wa bei na kutoa makadirio ni ya watakwimu. Hapa nchini chombo kikuu ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), lakini watakwimu huajiriwa pia na wizara, Benki Kuu, taasisi za utafiti na mashirika ya kimataifa. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam kimekuwa kikiwafundisha watakwimu wa ukanda huu kwa miaka mingi.

Mfano 2. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 Tanzania. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Tafuta kiwango cha ongezeko la watu kwa mwaka.

Suluhisho. Kiwango kikiwa r, basi 44,928,923 × (1 + r) kwa kipeo cha 10 = 61,741,120.
Gawanya: (1 + r) kwa kipeo cha 10 = 1.3742.
Chukua logi pande zote: 10 × log(1 + r) = 0.1380.
Hivyo log(1 + r) = 0.01380, na 1 + r = 1.032.
Ongezeko ni asilimia 3.2 kwa mwaka.

Hesabu hii ni ya mada ya logi, na umeshaisoma. Ugumu wa kazi ya mtakwimu uko kwingine: kuhakikisha kwamba hizo namba mbili za mwanzo zinaaminika. Nani hakuhesabiwa? Kaya zipi zilirukwa? Sampuli ya kaya elfu chache ichaguliwe vipi ili iseme ukweli kuhusu nchi nzima? Maswali hayo ndiyo yanayohitaji shahada ya juu.

Ufunguo wa pili: programu za kompyuta za takwimu, kama R, Stata au SPSS, pamoja na uwezo wa kuandika ripoti ambayo asiye mtakwimu ataielewa. Mkurugenzi hataki kuona mlinganyo wako. Anataka kujua afanye nini.

5. Kazi ya tatu: Kukadiria magonjwa

Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akifanya kazi India, alithibitisha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wengi wanamjua kwa hilo tu. Lakini Ross alipenda sana hisabati, na baadaye aliandika milinganyo iliyoonyesha kwamba malaria inaweza kupungua hadi kutoweka mahali fulani bila kuua mbu wote. Inatosha kuwapunguza chini ya kiwango maalumu. Katika miaka ya 1950, George Macdonald aliendeleza milinganyo hiyo na kuonyesha jambo jingine: umri wa mbu una uzito mkubwa mno.

Mfano 3. Mbu akishanyonya damu yenye vimelea, huchukua takribani siku 10 katika maeneo ya joto kabla hajaweza kuambukiza mtu mwingine. Uwezekano wa mbu kuishi siku moja zaidi ukiwa 0.9, ni mbu wangapi kati ya 100 watafikia hatua ya kuambukiza? Na ukishuka hadi 0.8?

Suluhisho. 0.9 kwa kipeo cha 10 = 0.349, yaani mbu 35 kati ya 100.
0.8 kwa kipeo cha 10 = 0.107, yaani mbu 11 kati ya 100.

Uwezekano wa kila siku umepungua kidogo tu, lakini mbu wa hatari wamebaki chini ya theluthi moja ya waliokuwepo. Hii ni sababu mojawapo ya chandarua chenye dawa kumkinga hata jirani asiyekuwa nacho: mbu anayekigusa hafi kwako tu, anakosa pia kufika kwa jirani. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanzia bonde la Kilombero, imefanya utafiti mkubwa wa vyandarua na malaria, na katika utafiti wa aina hiyo wataalamu wa hisabati hukaa meza moja na madaktari na wataalamu wa wadudu.

Ufunguo wa pili: maarifa ya eneo lenyewe. Anayekadiria magonjwa lazima ajifunze biolojia ya kutosha kuzungumza na daktari, na lazima akubali kwenda kijijini kuona data inavyokusanywa. Kwa kazi hii shahada ya uzamili ndiyo mwanzo wa kawaida, na wengi huendelea hadi uzamivu.

6. Kazi ya nne: Ulinzi wa mawasiliano

Namba tasa ulizisoma shule ya msingi. Kwa karne nyingi watu walidhani hazina kazi yoyote nje ya vitabu. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni nchini Marekani njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia namba tasa, inayoitwa RSA kwa herufi za majina yao. Miaka minne kabla yao, mwaka 1973, mwanahisabati Clifford Cocks alikuwa amekwisha kuipata njia hiyo hiyo akiwa katika shirika la ujasusi wa mawasiliano la Uingereza, GCHQ. Ilikuwa siri, na dunia haikuambiwa hadi 1997.

Mfano 4. Chukua namba tasa 3 na 11. Zidisha: 33. Punguza moja kwa kila namba tasa kisha zidisha: 2 × 10 = 20. Tangaza hadharani namba 33 na kipeo 3. Tafuta kipeo cha siri, kisha tuma na kufungua ujumbe 4.

Suluhisho. Kipeo cha siri ni namba ambayo ukiizidisha kwa 3 na kugawa kwa 20, hubaki 1. Namba hiyo ni 7, kwa sababu 3 × 7 = 21.
Kuficha: 4 kwa kipeo cha 3 = 64. Gawa kwa 33, baki ni 31. Tuma 31.
Kufungua: tunahitaji baki la 31 kwa kipeo cha 7 ukigawa kwa 33. Kwa kuwa 31 = 33 − 2, tumia −2 badala ya 31. (−2) kwa kipeo cha 7 = −128. Ongeza 132, ambayo ni 4 × 33, upate 4. Ujumbe umerudi.

Mwizi akiona 33 na 3 anaweza kuvunja siri hii mara moja, kwa sababu vigawo vya 33 anavijua hata mtoto. Lakini katika matumizi halisi kila namba tasa huwa na takribani tarakimu 300. Kuzidisha namba mbili za namna hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua kwa kompyuta. Kutoka kwenye jibu kurudi kwenye vigawo ni jambo ambalo hadi leo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kulifanya kwa kompyuta za kawaida. Usalama wa mitandao, benki na miamala ya fedha unategemea mafumbo ya hisabati ya aina hii.

Ufunguo wa pili: kuandika programu za kompyuta na kuelewa mitandao inavyofanya kazi. Watu wanaobuni njia mpya za kuficha ujumbe ni wachache na wengi wao wana uzamivu. Wanaohitajika kwa wingi ni wale wanaoweza kukagua kama benki au kampuni ya simu imezitumia njia hizo ipasavyo.

7. Kazi ya tano: Data na akili mnemba

Programu inayotambua uso wako kwenye simu, au inayotafsiri lugha, ndani yake imejaa matriksi. Kuifundisha programu hiyo ni kutafuta, kwa kalkulasi, mahali ambapo makosa yake ni madogo kabisa, kama unavyotafuta thamani ya chini ya mlinganyo wa kipeo cha pili. Wenye hisabati nzuri huingia kazi hii kwa urahisi zaidi kuliko wengine, kwa sababu wanaelewa kinachoendelea ndani badala ya kubonyeza vitufe tu.

Kinachomtofautisha mtaalamu ni kujiuliza kuhusu data isiyoonekana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanahisabati Abraham Wald, aliyekuwa amehamia Marekani, alishughulikia swali la ndege za kivita zilizorudi na matundu ya risasi. Mtu wa kawaida angesema: imarisha sehemu zenye matundu mengi. Hoja ya Wald iliangalia ndege ambazo hazikurudi. Sehemu ambazo ndege zilizorudi hazikuwa na matundu ndizo za hatari, kwa sababu zilizopigwa hapo zilianguka.

Hoja hiyo inafaa hata kwa biashara za hapa kwetu. Kampuni inayokopesha kwa simu ikichunguza wateja waliokopeshwa peke yao, haitajua lolote kuhusu wale iliowakataa. Huenda miongoni mwao wamo walipaji wazuri, kwa mfano mama muuza mboga asiye na kumbukumbu za benki. Hapo kosa la hesabu linakuwa kosa la haki.

Ufunguo wa pili: lugha ya kompyuta kama Python, na kazi ulizokwisha kuzifanya ambazo mwajiri anaweza kuziona. Katika eneo hili vyeti pekee havina nguvu kubwa. Wanaotaka shahada ya uzamili wanaweza kuangalia Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati (AIMS), iliyoanza Cape Town mwaka 2003 na yenye kituo pia Kigali, Rwanda, au Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha.

8. Kazi nyingine kwa ufupi

(a) Upangaji wa shughuli. Malori mangapi yatoke bandarini, yapite wapi, treni zipishane saa ngapi? Ile mada ya kuchora mistari ya kutolingana kwenye grafu na kutafuta kona yenye faida kubwa ndiyo mwanzo wake. Mwaka 1947 George Dantzig alitoa njia ya kutatua maswali hayo hata yanapokuwa na mamia ya vigezo, ambayo hayachoreki kwenye karatasi.

(b) Benki na masoko ya mitaji. Kupima hatari ya mikopo na kupanga bei za hati fungani. Ufunguo wa pili ni maarifa ya fedha na uhasibu.

(c) Hali ya hewa na uhandisi. Utabiri wa mvua ni utatuzi wa milinganyo ya mabadiliko kwa kompyuta. Ufunguo wa pili ni fizikia, usiiache.

9. Je, aliyeanza na ualimu amefungiwa?

Hapana. Katherine Johnson wa Marekani alihitimu hisabati na Kifaransa mwaka 1937, akafundisha shule. Alikuwa mwanamke mweusi katika nchi iliyokuwa ikiwabagua weusi kwa sheria. Mwaka 1953 aliajiriwa kama mkokotoaji katika taasisi ya utafiti wa ndege ambayo baadaye ikawa sehemu ya NASA. Mwaka 1962, kabla John Glenn hajarushwa kuizunguka dunia, aliomba Johnson ahakiki kwa mkono namba zilizotolewa na kompyuta. Ufunguo wake wa pili ulikuwa jiometri ya vekta na njia za vyombo angani, pamoja na ujasiri wa kuuliza kwa nini wanawake hawaingii kwenye vikao vya wahandisi, hadi akaruhusiwa kuingia.

10. Hatua za kuchukua

Niliyamaliza masomo yangu ya shahada bila kuandika hata programu moja ya kompyuta. Hakuna aliyenikataza, hakuna aliyeniambia tu. Wewe sasa umeambiwa.

Kidato cha tano na sita: chagua tahasusi yenye Hisabati ya Juu, kama Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM), au Uchumi, Jiografia na Hisabati (EGM). Usiache mada ya uwezekano na takwimu kwa sababu "haitoki sana" kwenye mtihani. Kazi nyingi ulizosoma hapo juu zinaihitaji.

Likizo baada ya kidato cha sita: jifunze kutumia jedwali la kompyuta kama Excel, kisha uanze Python. Kompyuta ya kuazima inatosha.

Chuo kikuu, mwaka wa kwanza: chagua ufunguo wako wa pili. Ukiweza, chukua masomo ya hiari ya kompyuta, uchumi au biolojia.

Mwaka wa pili na wa tatu: tafuta mafunzo kwa vitendo mahali wanapotumia namba: ofisi ya takwimu, kampuni ya bima, kituo cha utafiti, benki. Omba mapema, kwa barua, bila kusubiri chuo kikupangie.

Kabla ya kuomba uzamili: jiulize unaisoma ili ufanye kazi gani. Kuisoma kwa sababu tu ajira haijapatikana kunaweza kukuongezea miaka miwili na deni, halafu ukarudi mlangoni na ufunguo ule ule mmoja.

11. Muhtasari

Shahada za juu za hisabati huelekeza kwenye takwimu bima, takwimu rasmi, ukadiriaji wa magonjwa, ulinzi wa mawasiliano, sayansi ya data na kazi nyingine. Mada za sekondari ndizo msingi wake. Kila kazi huhitaji ujuzi wa ziada: mitihani ya kitaaluma, kompyuta, au maarifa ya fani nyingine. Mzazi akiuliza kama utaishia kushika chaki, mjibu kwa kutaja kazi unayoilenga na ufunguo wa pili unaoutafuta.

Zoezi la kujipima

1. Rudia Mfano 1 kwa wateja 2,500. Kila mmoja atalipa kiasi gani?
2. Idadi ya watu ikiongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, itachukua takribani miaka mingapi kuwa maradufu?
3. Uwezekano wa mbu kuishi siku moja zaidi ukiwa 0.7, ni mbu wangapi kati ya 100 watafikisha siku 10?
4. Kwa kutumia namba 33 na kipeo 3, ficha ujumbe 5. Kisha ufungue kwa kipeo 7.
5. Shule inataka kujua kwa nini wanafunzi huacha masomo, na inawahoji wanafunzi waliopo darasani. Kwa kutumia hoja ya Wald, eleza kasoro ya njia hiyo.
6. Chagua kazi moja uliyoisoma hapa. Taja ufunguo wake wa pili, na hatua mbili unazoweza kuchukua mwaka huu kuupata.

Majibu

1. Kipeuo cha pili cha 2,500 × 0.02 × 0.98 = 49 ni 7. Jumla: 125,000,000 + 35,000,000 = sh. 160,000,000. Kila mteja: sh. 64,000.
2. log 2 ÷ log 1.032 = 0.3010 ÷ 0.01368 = takribani miaka 22.
3. 0.7 kwa kipeo cha 10 = 0.028, yaani mbu 3 hivi.
4. 5 kwa kipeo cha 3 = 125; baki ukigawa kwa 33 ni 26. Kufungua: tumia −7 badala ya 26, utapata 5.
5. Waliopo darasani ni wale ambao hawakuacha. Wenye jibu ni wale wasiokuwepo. Shule iwafuate majumbani kwao.
6. Jibu ni lako. Liandike kwenye daftari, na tarehe.